Ukibonyeza "Nakubali" Umetia Saini, na Benki Nayo Imetia



Kuna maneno mawili yanazunguka mitaani na yote mawili ni ya uongo. La kwanza ni la kijana aliyechukua mkopo kwa simu: "Mimi sijasaini karatasi yoyote, watanifanya nini?" La pili ni la karani wa benki ukienda kulalamika: "Hiyo meseji yako si ushahidi, lete karatasi yenye mhuri." Mmoja anajidanganya, mwingine anakudanganya wewe.

Tuanze na sisi wenyewe. Sheria ya Kenya haisemi saini ni wino peke yake. Tangu marekebisho ya sheria ya habari na mawasiliano yaliyoanza kutumika 2009, waraka wa kielektroniki unatambulika, na mkataba hauwi batili eti kwa sababu ulifungwa kwa ujumbe wa kompyuta au simu. Mwaka 2020 ikaja sheria nyingine ya kurekebisha sheria za biashara, ikaingiza saini ya kielektroniki mpaka ndani ya Sheria ya Mikataba. Kwa hiyo ukiingiza namba yako ya siri, ukabonyeza "Nakubali", pesa zikaingia, umefunga mkataba. Hakuna hakimu atakayekuuliza kalamu ilikuwa wapi.

Ndiyo maana tunapiga kelele kuhusu tabia ya kuazimana simu na namba za siri. Saini ya kielektroniki iliyo imara kisheria inataka mambo manne: iwe ya mtu mmoja tu, imtambulishe mtu huyo, itengenezwe kwa njia iliyo chini ya mamlaka yake peke yake, na waraka ukiguswa baadaye ijulikane. Angalia hilo la tatu. Namba yako ya siri ikijulikana na rafiki, binamu na jamaa wa dukani, umeharibu ngome yako mwenyewe. Siku utakaposema "si mimi niliyechukua", utaulizwa: kwani nani mwingine alikuwa na namba yako? Na laini uliyomsajilia mtu kwa kitambulisho chako kwa sababu ya mia mbili, deni lake litakuja kubisha kwa jina lako.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana hapo ndipo dhulma ilipo.

Tangu M-Shwari ianze Novemba 2012, Mkenya anafungua akaunti na kukopa bila kukanyaga tawi. Dakika mbili, mambo tayari. Hakuna anayekuambia njoo na wino. Lakini pesa zikikatwa bila idhini yako, ghafla dunia inarudi miaka ya themanini: jaza fomu, leta nakala, rudi Jumatatu, meneja hayupo. Yaani simu inatosha kunifunga deni, lakini haitoshi kunifungulia malalamiko? Hiyo ni mizani ya aina gani?

Sheria haijui mizani mbili. Kifungu cha 78A cha Sheria ya Ushahidi, kilichoingizwa 2014, kinasema ushahidi wa kielektroniki unakubalika kortini. Uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na kama umebaki bila kuchezewa. Kifungu cha 106B nacho kinataka rekodi iliyochapishwa kutoka kwenye mashine iambatane na cheti cha mhusika anayeeleza ilivyotolewa. Masharti haya hayamhusu mteja peke yake. Benki ikija na kipande cha kompyuta kinachodai ulikubali jambo fulani, una haki ya kuuliza: kimetolewa na nani, kutoka mfumo gani, na cheti kiko wapi?

Kuna jambo kubwa zaidi. Mkataba wenyewe uliusoma? Kurasa ishirini za Kiingereza cha mawakili, maandishi kama mchanga, chini kabisa kisanduku cha kuweka tiki. Katiba, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma. Habari isiyoeleweka si habari. Na sisi tunayo aya ya deni, Al-Baqara 282, inayoamrisha deni liandikwe, na anayedaiwa ndiye atamke masharti, na asiyeweza atamkiwe na walii wake kwa uadilifu. Linganisha na apu: anayedai ndiye anaandika, ndiye anatamka, ndiye anahifadhi, wewe kazi yako ni kidole tu. Suala la riba lina mahali pake. Hapa tunasema juu ya maandishi: maandishi yaliwekwa kumlinda aliye dhaifu, yasigeuzwe kamba ya kumfungia.

Usidhani mteja wa benki ya Kiislamu ameepuka haya. Benki hizo zilianza Kenya mwaka 2008 na leo nazo zinatumia nyaraka za kielektroniki. Katika murabaha, benki hununua bidhaa kwanza ndipo ikuuzie. Ukitumiwa nyaraka zote ubonyeze kwa mpigo mmoja, angalia saa na tarehe. Kama mauzo kwako yana saa ya mapema kuliko ununuzi wa benki, uliza swali. Hapo waraka wa kielektroniki ni rafiki yako, kwa sababu saa haibembelezwi.

Wako wanaosema basi turudi kwenye karatasi. Hapana. Wazee wetu wangapi walitia dole gumba kwenye karatasi wasiyoisoma, karatasi ikafungiwa kabatini kwa mtu mwingine, wakaja kuambiwa shamba si lao? Karatasi haikuwaokoa. Tunachodai ni hiki: mkataba kwa Kiswahili kinachoeleweka, nakala itumwe kwako papo hapo unapokubali, na malalamiko yapokelewe kwa njia ile ile mkopo ulivyotolewa. Kama ulikopesha kwa simu, nisikilize kwa simu.

Wakati tunadai hayo, wewe anza leo. Usifute meseji za benki. Picha ya skrini peke yake ni dhaifu, kwa hiyo hifadhi meseji yenyewe kwenye simu na uombe taarifa ya akaunti kwa barua pepe. Lalamika kwa maandishi, hata kama umepiga simu. Omba ripoti yako ya CRB, ni bure mara moja kwa mwaka. Mkopeshaji akipekua majina kwenye simu yako na kuwapigia jamaa zako, akidai ulikubali, mwambie athibitishe: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtwika yeye mzigo wa kuonyesha idhini, na kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 zinakataza kumwaibisha mdaiwa. Peleka shauri kwa Kamishna wa Data. Na kama ni pesa, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza hadi shilingi milioni moja, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Deni halali lilipe, usitafute mlango wa nyuma. Lakini mtu asikuambie saini yako ni ya kweli anapokudai, na ni mchezo wa simu unapomdai wewe. Kidole ni kile kile. Msomee haya mama yako na ndugu yako mdogo kabla hawajabonyeza tena.