Maji ya Kijani Pipani
Ukiteka maji ya mfereji kule Chewele, upande wa mradi wa Bura, ukayaacha juani katika pipa lisilo na kifuniko, hayakawii kugeuka kijani. Huo ni mwani, mama. Hustawi kwa mwanga, na kwa mbolea na samadi zinazoingia majini. Kusugua peke yake ni kazi bure. Sugua, suuza, ufunike, uweke kivulini. Nanyi wa mjini, tangi la plastiki linalopitisha mwanga ni yale yale.

La kutisha ni mwani wa rangi ya buluu na kijani unaoelea kama rangi iliyomwagika. Aina nyingine zina sumu ya kudhuru ini, na kuchemsha hakuiondoi. Maji hayo usiyapikie mtoto uji, wala usimnyweshe mbuzi.