Mpagazi Akikohoa, Sokwe Hufa



Baadhi yenu mtauliza: chama cha wafanyakazi na sokwe wa msituni, wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Sisi nasi tulijiuliza vivyo hivyo asubuhi ile tuliposimama Kanyanchu, magharibi ya Uganda, tukingoja kuingia Msitu wa Kibale. Tulikuwa tumekwenda kuwatembelea wenzetu wa mashamba ya chai ya upande huo, nao wakatuambia kuwa si vizuri kufika mlangoni pa msitu kisha kurudi Kenya bila kuwaona sokwe. Tulikwenda, tukawaona. Tukarudi na jibu la swali hilo, na ndilo tunalowaletea.

Mtu akitoka mji wa Fort Portal kuelekea Kanyanchu hupita katikati ya chai. Mchumaji wa Kericho au Nandi angedhani yuko kwao: mistari ile ile, vikapu vile vile, migongo iliyoinama ile ile. Halafu chai inakatika ghafula na msitu unaanza. Ni msitu wa karibu kilomita za mraba 800, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na ndani yake wanaishi sokwe zaidi ya 1,000. Hapa kwetu Kenya hatuna sokwe wa porini hata mmoja. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuwatazama hawa wa Uganda.

Kabla ya kuingia, askari wa wanyama alitupanga mstari akatusomea masharti. Msile mbele ya sokwe. Msiwakaribie. Vaeni barakoa. Mtakaa nao saa moja tu. Kisha akauliza: nani ana mafua, kikohozi, homa au tumbo la kuhara? Mmoja wetu alikuwa na kikohozi cha siku tatu. Akasema kweli, akaachwa nje.

Sisi wengine tukatembea nyuma ya askari na bunduki yake, kwa maana humo mna tembo pia. Tulivuka matope na mizizi mikubwa kama kuta. Kwanza tuliwasikia: kelele zinazoanza chini chini na kupanda mpaka msitu mzima unajaa, na mshindo wa mmoja wao akipiga mizizi ya mti kama ngoma. Kisha tukawaona juu ya mtini, wanakula matunda. Mama mmoja alikuwa na mtoto kifuani. Alimshika kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mkono wa pili, kama dada zetu wafanyavyo shambani wakiwa na watoto wao wachanga. Hatukuwa na la kusema.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Kwa nini yule mwenzetu aliachwa nje? Kwa sababu sokwe ni jamaa wa karibu sana wa mtu kwa mwili, na maradhi yetu mengi humshika. Mafua ambayo wewe unayamaliza kwa maji ya moto na siku mbili kitandani, yeye yanaweza kumuua. Haya si maneno ya kutishia wageni. Mwaka 2013, katika kundi la Kanyawara, humo humo Kibale, kulizuka ugonjwa wa kifua. Sokwe 5 kati ya 56 walikufa. Wataalamu walipopima walikuta kirusi cha mafua ya binadamu. Kati ya mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017 ugonjwa mwingine wa kifua ukaingia kundi la Ngogo, kundi kubwa lenye sokwe wapatao 200. Walikufa 25. Hicho nacho kilikuwa kirusi cha watu, kile kinachowapa watoto wetu homa na kikohozi. Na sokwe jike huzaa mara moja tu kila miaka mitano au sita. Hesabu wenyewe itachukua muda gani kuziba pengo la 25.

Makundi hayo mawili si ya watalii. Ni makundi ya watafiti, na wanaoingia huko kila siku ni watafiti pamoja na wafanyakazi wao. Hatumnyoshei mtu kidole. Tunasema hivi tu: afya ya sokwe inategemea afya ya yule anayeingia msituni kila siku, na yule anayeingia kila siku ni mfanyakazi. Mgeni huingia saa moja akaenda zake. Askari, kiongozi wa wageni, mfuatiliaji wa nyayo, mkata njia na mpagazi wa kubeba mifuko ya wageni, hao ndio watu wa msitu.

Yule mwenzetu aliyeachwa nje alikaa chini ya mti mpaka tuliporudi. Alikosa matembezi, lakini mshahara wake wa siku hiyo haukupungua hata senti, kwa kuwa alikuwa katika kazi ya chama. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kwake kusema kweli. Je, mpagazi? Mpagazi hulipwa na mgeni kwa safari moja. Hakuna safari, hakuna pesa. Akisema "nakohoa", anarudi nyumbani mikono mitupu. Akinyamaza, watoto wanakula. Hatukumwona mtu akificha kikohozi, wala hatusemi tulimwona. Tunauliza tu: sheria gani hii inayomwadhibu mtu kwa kusema kweli?

Nani kati yetu hajui jibu? Nani kati yetu hajawahi kuingia shambani na homa, kwa kuwa analipwa kwa kilo na karani wa mizani hapimi ugonjwa? Nani kiwandani hajasimama mbele ya mashine huku kichwa kinapasuka, kwa hofu kwamba kesho jina lake halitaitwa getini? Tofauti ni moja tu. Sisi tukikohoa tunamwambukiza mwenzetu wa mstari wa pili, na hakuna gazeti litakaloandika. Mpagazi wa Kibale akikohoa, dunia nzima hulia kwa ajili ya sokwe, wala haimuulizi mpagazi alikula nini.

Watu watasema sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi mwezi mmoja mfululizo, akiugua, apate mshahara wake kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Hata yetu ya mwaka 2007 inatoa siku saba za mshahara kamili na saba za nusu, baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo. Ni sheria nzuri kwa anayefikiwa nazo. Lakini mpagazi mwajiri wake ni nani? Leo Mjerumani, kesho Mmarekani, keshokutwa hakuna. Na kibarua anayeandikwa asubuhi na kufutwa jioni atatimiza lini huo mwezi mmoja au hiyo miwili? Sheria inapita juu ya vichwa vyao kama ndege.

Wengine watasema pesa hakuna. Hapo ndugu zetu tunaomba mtuvumilie tufanye hesabu. Mwaka 2023 kibali cha mgeni wa ng'ambo kuwaona sokwe wa Kibale kilikuwa dola 200. Kundi la wageni sita ni dola 1,200 kwa saa moja mbele ya sokwe. Sasa tazama upande wa pili. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo kwa thamani ya miaka hii hazifiki dola mbili. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili, lakini Rais hakuutia sahihi. Pesa zipo, ndugu. Ila zinapopita hazisimami kwa mfanyakazi.

Tena watasema: mkiwalipa siku za ugonjwa, kila mtu atajifanya mgonjwa. Maneno haya tumeyasikia tangu tulipoanza kuandikisha wanachama. Huyo anayeyasema yeye mwenyewe akiumwa kichwa hubaki nyumbani na mshahara wake ukaingia. Hatujasikia akijiita mwongo.

Hata hivyo tuseme kweli yote, maana anayeficha nusu ya kweli ni mwongo pia. Siku ya ugonjwa peke yake haitoshi. Watafiti waliopima watu wanaoishi kandokando ya Kibale waliona kuwa watoto ndio wanaougua mafua zaidi, na kuwa mtu mzima aweza kubeba virusi hivyo bila hata kupiga chafya. Baba ni mzima, anajibu askari kwa moyo safi kuwa hana kikohozi, kumbe amebeba mafua ya mwanawe. Kwa hiyo barakoa ni lazima. Lakini pia dispensari ya kijiji ni lazima, na sabuni, na maji safi, na mama kupata nafasi ya kumpeleka mtoto kwa daktari bila kukatwa. Ukitaka kumkinga sokwe aliye juu ya mti, anza na mtoto anayekohoa nyumbani kwa mpagazi.

Basi sisi tunasema mambo matatu.

Kwanza, kila anayeingia msituni kwa kazi, awe ameandikwa au analipwa kwa safari, alipwe siku anayorudishwa kwa ugonjwa. Itengwe sehemu ndogo ya kila kibali iwekwe katika mfuko wa kazi hiyo. Sheria ya wanyama ya Uganda ya mwaka 2019 tayari yaagiza asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi irudi kwa serikali za mitaa zinazoizunguka. Kama kijiji kina fungu lake, mfanyakazi naye apate fungu lake.

Pili, wapagazi na waongoza wageni wajiunge. Mwezi Machi 2020, korona ilipofunga hifadhi, wageni walitoweka siku moja, na mtu wa kulipwa kwa safari hakuwa na wa kumlilia. Mtu mmoja mmoja hana wa kumlilia siku zote. Chama ndicho chenye mlango wa kugonga.

Tatu, sisi huku Kenya tusijione tumefika. Kibarua wetu wa chai akikohoa anakaa wapi? Tunapoketi mezani na waajiri, siku ya ugonjwa ya kibarua isiwe kifungu cha mwisho kinachosomwa watu wakitafuta kofia zao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tulipotoka msituni tulimkuta mwenzetu pale pale chini ya mti, ameketi na mpagazi mmoja, wanazungumza habari za bei ya unga. Alituuliza kama sokwe wako salama. Tukamwambia wako salama. Mpagazi akacheka, akasema hilo ndilo swali ambalo kila mgeni huuliza.

Ndugu, siku moja na yeye aulizwe.