MWENYE UWANJA NA MWENYE UFUNGUO: NANI ANATURUHUSU KUSEMA MTANDAONI?

Na Mwalimu wa Madrasa, Moshi

 

Wapenzi wanafunzi, maandalizi ya jarida hili yalipoanza ilitolewa rai ambayo si ya kupuuzwa. Wapo waliosema kuwa jarida la karatasi limepitwa na wakati, kwamba gharama ya kupiga chapa inatuelemea, na kwamba kila mzazi, kuanzia Majengo na Pasua hadi Machame, Kibosho na Marangu, ana simu mkononi. Kwa nini basi tusifungue ukurasa wa Facebook, tukaweka makala zetu humo bure, zikasomwa na walioko hapa na ndugu zetu walioko Maskati na London? Na wakaongeza kuwa mtandaoni kila mtu yuko huru kusema.

Rai hiyo ina ukweli ndani yake, wala sikusudii kuibeza. Lakini imebeba maneno mawili ambayo mwanafunzi wa dini hapaswi kuyameza bila kuyatafuna: "bure" na "huru". Hebu tuyatazame.

UWANJA NI WA NANI?

Facebook, Instagram na WhatsApp ni mali ya kampuni moja ya Marekani, Meta. Kampuni hiyo iliinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, na mwaka 2014 ikakubaliana kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Mwanzilishi wake, Mark Zuckerberg, ana hisa za aina maalumu zinazompa zaidi ya nusu ya kura zote. Maana yake ni kwamba wanahisa wengine wote wakikusanyika wakamkatalia jambo, bado neno lake ndilo litakalopita. Tarehe 4 Oktoba 2021 mitambo ya kampuni hiyo ilipata hitilafu, na kwa muda wa saa sita hivi Facebook, Instagram na WhatsApp zikazimika dunia nzima kwa pamoja. Siku ile watu wengi walitambua kwamba milango mitatu waliyodhani ni ya nyumba tatu ilikuwa ya nyumba moja.

Mfano wa pili ni Twitter. Mwezi Oktoba 2022 Elon Musk, tajiri mzaliwa wa Afrika Kusini, aliununua mtandao huo kwa dola bilioni 44, akatangaza kuwa anataka uwe uwanja wa uhuru wa kusema. Muda mfupi baadaye, Novemba 2022, karibu nusu ya wafanyakazi waliachishwa kazi, wakiwemo takriban wote wa ofisi ya Accra, Ghana, iliyokuwa ofisi yake pekee ya Afrika. Desemba ya mwaka huo huo akaunti za waandishi wa habari kadhaa wa Marekani, baadhi yao wakiwa wameandika habari za safari za ndege yake binafsi, zilifungwa ghafla, kisha nyingi zikafunguliwa baada ya siku chache. Julai 2023 jina likabadilishwa kuwa X.

Simtaji mtu huyu kwa kumchukia. Wapo waliofurahi kwa sababu alizifungua akaunti zilizokuwa zimefungwa na uongozi uliotangulia, nao huenda walikuwa na haki ya kufurahi. Ninachowaomba mkizingatie ni hiki: aliyefunga alifunga kwa uamuzi wake, na aliyefungua alifungua kwa uamuzi wake. Ruhusa inayokuja na kuondoka kwa kutegemea moyo wa mtu mmoja ni fadhila, si haki. Mwenye kufadhili leo anaweza kuacha kesho, na huna pa kumshitakia.

Wazee wetu wa mlimani walilifahamu jambo hili kabla ya kompyuta. Mfongo, yaani mfereji wa asili unaoteremsha maji kutoka mtoni hadi kwenye vihamba, haujawahi kuwa kitu kisicho na mwenyewe. Kuna ukoo uliouchimba, kuna msimamizi, kuna zamu za kumwagilia, na asiyetokea siku ya kusafisha hutozwa faini. Lakini msimamizi yule anajulikana, anaishi kijijini, kanuni zake zinafahamika na kila mwenye kihamba, na ukidhulumiwa zamu yako unajua ni kikao gani cha kwenda kulalamika. Mwenye akaunti aliyeko Uru au Old Moshi atampeleka mwenye Facebook kwenye kikao gani?

LUGHA ZETU ZINASIMAMIWA NA NANI?

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Mwezi Mei 2022 Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alifungua kesi dhidi ya Meta na kampuni ya Sama iliyokuwa imepewa kazi ya kukagua maudhui ya Facebook kwa niaba yake. Kazi ya wakaguzi hao ilikuwa kutazama picha za mauaji na uchafu mwingine ili sisi tusiuone, na alidai kuwa kazi hiyo ilimwachia maradhi ya nafsi huku malipo yakiwa duni. Mwaka 2023 wakaguzi zaidi ya 180 nao wakaenda mahakamani.

Kesi nyingine ni nzito zaidi. Novemba 2021 Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, aliuawa nje ya nyumba yake baada ya kuandikwa vibaya kwenye Facebook. Mwanawe alidai kuwa aliiomba kampuni iyaondoe maandishi yale mapema na hakusikilizwa kwa wakati. Desemba 2022 kesi ikafunguliwa Nairobi, na moja ya madai ni kwamba kampuni haikuweka watu wa kutosha wanaozijua lugha za Waafrika. Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema ina mamlaka ya kuisikiliza.

Basi neno "bure" tulielewe hivyo. Sisi hatutoi senti, ni kweli. Lakini mtu mwingine hulipa, na wakati mwingine hulipa kwa roho yake. Kiswahili chetu, Kichagga chetu na Kipare chetu si soko kubwa machoni pa tajiri. Tukitukanana au tukizushiana kwa lugha hizo, pengine hayupo wa kutuamua. Na tukisema haki, mashine isiyotuelewa inaweza kuyafuta maneno yetu.

JE, SERIKALI IFUNGE?

Hapa baadhi yenu mtasema: ikiwa tajiri haaminiki, dola na iuchukue ufunguo. Tuangalie yaliyotokea.

Mwaka 2024 mtandao wa X uliandika rasmi katika kanuni zake kwamba picha za watu wazima za uchi zinaruhusiwa. Kwetu sisi hilo ni munkari usio na mjadala. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi la Tanzania kwenye mtandao huo iliingiliwa na wadukuzi, na mara baada ya hapo X ikazuiwa nchini. Baadaye aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, Jerry Silaa, alieleza kwamba sababu ni maudhui hayo ya uchafu yasiyolingana na sheria na maadili yetu.

Mwalimu wa madrasa atapinga vipi kufungwa kwa uchafu? Sipingi uchafu kufungwa. Ninasema kwamba mlango uliofungwa haukuwa wa uchafu peke yake. Ndani yake zilikuwemo habari, malalamiko ya raia, maelezo ya madaktari na darsa za masheikh. Tena uchafu ule ule unapatikana katika kurasa nyingine chungu nzima, na wenye kutaka kuingia X waligeukia VPN, ambayo nayo TCRA ilikuwa imetaka isajiliwe tangu Oktoba 2023. Kijana aliyekuwa akitafuta habari akajikuta mkosaji sawasawa na aliyekuwa akitafuta uchafu.

Uganda nako ni vivyo hivyo. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifunga akaunti zilizohusishwa na upande wa serikali. Serikali ikajibu kwa kuifunga Facebook nchini, na kifungo hicho kikaendelea miaka kadhaa. Tajiri hakulala njaa, na wakubwa hawakukosa njia ya kusema. Aliyeumia ni mama muuza nguo wa Kampala aliyekuwa akitafuta wateja humo. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Na kwetu, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Katika siku zile za vurugu na vifo, kila mwenye ndugu mbali alihitaji habari ya kweli kuliko siku nyingine yoyote, na hapo ndipo habari zilipokatika. Uvumi haukukatika, kwa maana uvumi hauhitaji intaneti.

Wala msiseme dawa ni kuwa na mtandao wetu wenyewe tu, tukaishia hapo. JamiiForums ni wa Watanzania, ulianzishwa mwaka 2006. Desemba 2016 mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za waliokuwa wakiandika humo, na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtoza faini kwa kosa la kuzuia upelelezi. Juni 2018 mtandao huo ulisimama kwa muda kutokana na kanuni mpya zilizotaka mwenye blogu au jukwaa alipe shilingi milioni 2.1 za maombi, leseni na ada ya mwaka. Ada hizo baadaye zilipunguzwa. Septemba 2025 TCRA ikasimamisha leseni yake kwa siku 90.

Kwa hiyo tuna milango miwili: tajiri anashika ufunguo wa uwanja, na dola inashika ufunguo wa njia ya kufikia uwanja. Mwananchi hana hata mmoja.

FUNZO LA KAHAWA

Historia ya mkoa wetu ina mfano wa karibu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliona kuwa kila mmoja akisimama peke yake mbele ya mnunuzi, bei itakuwa ile anayoitaka mnunuzi. Mwaka 1925 wakaanzisha chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikaja KNCU. Hawakuacha kuuza kahawa nje, wala hawakuwachukia wanunuzi. Walichokataa ni kumkabili mwenye nguvu wakiwa mmoja mmoja. Na historia hiyo ina upande wa pili: mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na vikarejeshwa miaka ya 1980. Chombo cha wananchi kinahitaji kulindwa dhidi ya mwenye fedha, na kinahitaji kulindwa dhidi ya mwenye amri pia.

Kutokana na hayo ninapendekeza mambo matatu.

Kwanza, tuutumie uwanja wa tajiri lakini tusihamie humo. Grupu la WhatsApp la wazazi liendelee, darsa zirekodiwe na zitumwe. Lakini orodha ya wazazi na namba zao iandikwe kwenye daftari la madrasa, ubao wa matangazo usitupwe, na jarida hili liendelee kupigwa chapa, hata kama ni kurasa chache. Nakala iliyoko kabatini haifutwi na mtu aliyeko California, wala haizimiki siku mtandao ukizimwa.

Pili, tudai sheria iliyo wazi badala ya hasira ya siku moja. Kinachofungwa kitajwe, sababu itolewe kwa maandishi, muda wake ujulikane, na mwenye kufungiwa apate hakimu asiyekuwa yule aliyefunga. Nidai hili kwa darsa yangu, na nilidai vile vile kwa yule ambaye maneno yake hayanipendezi. Februari 2013 redio mbili zilifungiwa kwa miezi sita, moja ya Waislamu ya Morogoro na nyingine ya Wakristo ya Mwanza. Anayeshangilia jirani yake akifungiwa ajue kuwa ufunguo ni ule ule.

Tatu, tuzichunge ndimi zetu. Suratul Hujuraat imetufundisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, na imetukataza kudharauliana, kupelelezana na kusengenyana. Mafunzo hayo hayakumngoja mkaguzi wa Nairobi wala afisa wa TCRA. Kila mara tunaposambaza uzushi tunawapa wenye funguo hoja ya kufunga, nao hawatafunga uzushi peke yake.

Wapo watakaosema kuwa fedha za karatasi na wino zingenunua misahafu na mabenchi. Ni hoja ya haki, na kamati itaipima. Lakini katika kuipima, waingize na gharama ambayo haimo katika ankara ya mpiga chapa: gharama ya siku tutakapokuwa na neno la kusema, na ruhusa ya kulisema iko mfukoni mwa mtu mwingine.

Wabillahi tawfiiq.