Bomu la Mwanza si kichekesho tu

Wazee wa Kitanzania hapa Eden Prairie wakifika kwenye bomu la Mwanza, lazima wacheke. Mnaujua mkasa wenyewe: Machi 1979, Vita vya Kagera, Gaddafi anamsaidia Amin. Ndege ya Libya, Tupolev Tu-22, inatumwa ipige maghala ya mafuta Mwanza. Makombora yanakosa shabaha, yanaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama. Wakafa swala. "Gaddafi kapigana na swala!" anasema anko wangu, kila mwaka, kana kwamba hatujawahi kusikia.

Sawa, inachekesha. Ila kuna nusu ya pili ambayo anko haisimulii. Tanzania ilijibu: ndege za JWTZ zikapiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo.

Najua atanuna, lakini mimi sioni tulichopata pale. Wanajeshi wetu wengi walikuwa wanakwenda kwa miguu, na jeshi la Amin lilikuwa linakimbia tayari. Kampala ikaanguka 11 Aprili. Halafu Uganda haikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta. Nchi ilitegemea mafuta yaliyopita Mombasa. Yaani tulichoma akiba ambayo siku chache baadaye ingehitajika kwa ambulensi na malori ya chakula ya Waganda walewale tuliosema tunakwenda kuwakomboa.

Wapenzi wa historia watanitajia Ujerumani 1944. Marekani na Uingereza zilipiga viwanda kama Leuna, vilivyotengeneza mafuta kutokana na makaa ya mawe. Petroli ya ndege ikashuka kutoka tani 175,000 mwezi Aprili hadi chini ya 10,000 mwezi Septemba, na marubani wapya wakakosa hata mafuta ya kujifunzia. Hapo sibishi. Lakini kile kilikuwa kiwanda kinacholisha jeshi mwezi hadi mwezi. Tangi la Jinja si Leuna.

Na sisi wenyewe hatukuhitaji bomu ili tuishiwe. Vita vilikula fedha za kigeni, mwaka huohuo mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya mafuta duniani. Nyerere akaomba watu wafunge mkanda miezi 18. Ikawa miaka. Muulize shangazi yako kuhusu Jumapili mchana, magari binafsi marufuku barabarani. (Hebu fikiria marufuku hiyo hapa kwetu, Januari, ambapo bila gari hufiki hata dukani.)

Mei 2025 droni zilichoma maghala ya mafuta Port Sudan, mji ambao misaada mingi ya Sudan hupitia. Kwenye grupu letu la WhatsApp watu walibishana hadi usiku nani kashinda siku ile. Nikauliza jenereta za hospitali zimebakiza dizeli ya siku ngapi. Hakuna aliyejibu, mtu akatuma emoji ya moto.