Viwanda vya Dawa na Vyuo Vikuu: Ushirikiano Upimwe kwa Kijana Aliyefika Kwenye Mtambo

Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipojipatia uhuru wake, kituo cha kufundisha wahudumu wa afya wa vijijini kilianza kazi Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero. Fedha za kukianzisha zilitoka kwa makampuni ya kemikali na dawa ya mji wa Basel nchini Uswisi. Utaalamu ulitoka katika Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza, Profesa Rudolf Geigy, alikuwa mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Basel na mzaliwa wa ukoo ulioanzisha kampuni ya Geigy. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1957, taasisi hiyo ilikuwa imekwisha kujenga maabara ndogo ya utafiti papo hapo Ifakara. Maabara ile ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara inayofahamika leo duniani kwa utafiti wa malaria.

Kwa hiyo, makampuni ya dawa na taasisi za elimu ya juu yanapotangaza leo kushirikiana katika kukuza vipaji vya vijana, Tanzania haianzi na ukurasa mtupu. Nchi imekwisha kuonja matunda ya ushirikiano wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 60. Matunda hayo yalionekana wazi kati ya mwaka 2009 na 2014, wakati chanjo ya malaria ya RTS,S iliyotengenezwa na kampuni ya GSK ilipofanyiwa majaribio ya awamu ya tatu katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Tanzania, kimoja Bagamoyo chini ya Taasisi ya Afya Ifakara na kingine Korogwe chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021, sehemu ya ushahidi wake ilikuwa imekusanywa na kuchambuliwa na wanasayansi wa hapa nchini.

Historia hiyo hiyo, hata hivyo, inaonesha mahali ngazi ilipokatikia. Vijana wa Kitanzania wamefundishwa kutibu, wakafundishwa kupima dawa na chanjo zilizobuniwa kwingine. Udhibiti nao umefika mbali: Desemba 2018 mamlaka ya udhibiti wa dawa, iliyokuwa ikiitwa TFDA na sasa TMDA, ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya umahiri. Lakini sehemu kubwa ya dawa zinazotumika hospitalini na kuuzwa katika maduka ya dawa bado huagizwa kutoka nje. Nchi inao watu wanaojua kwa hakika kama kidonge ni kizuri au kibaya, kuliko inavyo watu wanaojua kukitengeneza. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la bara hili kuzalisha asilimia 60 ya chanjo inazozihitaji ifikapo mwaka 2040, kutoka takribani asilimia moja. Lengo la ukubwa huo halifikiwi kwa majengo na mitambo peke yake.

Ugumu wa kuwapata watu hao unatokana na asili ya kazi yenyewe. Mwanafunzi wa famasia anaweza kutengeneza vidonge mia tano katika maabara ya chuo, vyote vikawa sawa kwa uzito na kwa kiasi cha kiambata hai. Mchanganyiko ule ule ukipelekwa kiwandani na kutengenezwa kwa mamia ya maelfu, tabia yake hubadilika. Chembe laini hujitenga na chembe kubwa ndani ya pipa la kuchanganyia, kidonge kimoja kikabeba dawa nyingi na kingine kikapungukiwa. Unyevu wa hewa ya Dar es Salaam huufanya unga ushikane na vyuma vya kukandamizia. Kidonge kilichokandamizwa kupita kiasi hakiyeyuki tumboni kwa wakati, na kilicholegea huvunjika kabla hakijamfikia mgonjwa. Kitabu hueleza haya yote, lakini mkono huyajua baada ya siku nyingi za kusimama kando ya mtambo pamoja na mtu aliyekwisha kukosea na kurekebisha. Vivyo hivyo kwa kumbukumbu za uzalishaji, ambamo kila hatua huandikwa saa ilipofanyika na kusainiwa na aliyeifanya na aliyeihakiki. Nidhamu hiyo haitungiwi mtihani wa darasani.

Viwanda navyo vina sababu za kusita kufungua milango, na sababu hizo si za kupuuzwa. Kila mtu anayeingia katika chumba safi cha uzalishaji huongeza uwezekano wa uchafuzi. Mwanafunzi anayekuja kwa wiki nane humchukulia msimamizi muda wake, kisha huondoka pale anapoanza kufaa. Zaidi ya hayo, mbinu za uzalishaji ni siri ya biashara. Ndiyo maana mafunzo mengi kwa vitendo yamekuwa ziara: wanafunzi huvalishwa makoti meupe, huoneshwa mitambo kupitia dirisha la kioo, hupigwa picha, hurudi chuoni kuandika ripoti. Ziara ya namna hiyo ina faida yake ndogo, lakini ikiandikwa katika taarifa kuwa ni ushirikiano wa kukuza vipaji, neno hilo linatumika vibaya.

Njia moja ya kuuvuka ukuta huo imekwisha kujaribiwa nchini. Mjini Moshi, Chuo cha Famasia cha Kilimanjaro kimekuwa kikitoa mafunzo ya juu ya famasia ya viwandani kwa kushirikiana na maprofesa wa vyuo vikuu vya Purdue na Howard vya Marekani. Wanaohudhuria ni wafanyakazi wa viwanda na wa mamlaka za udhibiti kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Masomo hugawanywa katika awamu fupi, ili mtu asome, arudi kazini, ajaribu alichojifunza, kisha aje tena na maswali yaliyotokana na kazi. Mpangilio huo umeugeuza mtiririko uliozoeleka, kwa kuwa hapa kiwanda ndicho kinachokwenda chuoni kikiwa na shida zake mkononi. Mtengenezaji na mkaguzi kukaa dawati moja ni faida nyingine, maana hujifunza lugha moja kabla hawajakutana siku ya ukaguzi. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, nako kuna maabara ya utafiti na uendelezaji wa dawa, iliyoanzishwa kwa msaada wa shirika la Kijerumani la action medeor, ambayo hufanya kazi katika eneo hilo hilo lililo kati ya darasa na kiwanda.

Mfano mkubwa zaidi barani uko Afrika Kusini. Mwaka 2010, Profesa Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, alianzisha kituo cha ugunduzi wa dawa kiitwacho H3D katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Kampuni ya Novartis na taasisi ya Medicines for Malaria Venture yenye makao yake Geneva zilikuwa miongoni mwa washirika, na mwaka 2022 kampuni ya Johnson & Johnson ikafungua hapo kituo chake cha kwanza cha aina hiyo Afrika. Jambo lililokipa kituo hicho nguvu ni kwamba kilikuwa na kazi yake chenyewe: kutafuta dawa mpya ya malaria. Wataalamu wa makampuni walikuja kuisaidia kazi hiyo, na vijana wa kituo wakaenda katika maabara za makampuni kujifunza walichopungukiwa, kisha wakarudi kwa sababu kazi ilikuwa ikiwangoja.

Kiambata cha kwanza kilichotangazwa na kituo hicho, mwaka 2012, kilifika katika majaribio kwa binadamu mwaka 2014. Hakikufika sokoni, uendelezaji wake ulisitishwa baadaye. Anayepima kwa dawa peke yake ataona hasara. Anayehesabu wakemia, wanabiolojia na wafamasia waliojifunza, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, kukibeba kiambata kutoka kwenye karatasi hadi kwa mtu wa kwanza kukimeza, ataona mtaji ambao haukupotea pamoja na kiambata hicho.

Upande wa tahadhari, majirani wa Kenya wanajua habari yake. Machi 2022 kampuni ya Moderna ilitangaza makubaliano ya kujenga nchini humo kiwanda cha chanjo kwa uwekezaji wa hadi Dola za Marekani milioni 500. Aprili 2024 kampuni hiyo ikatangaza kuusimamisha mpango huo, ikitaja kupungua kwa mahitaji ya chanjo za UVIKO-19. Kampuni huamua kwa hesabu za soko, na hiyo ni haki yake. Lakini nchi inayofungamanisha mitaala yake na kiwanda kimoja hubaki na wahitimu walioandaliwa kwa mlango ambao haukufunguliwa. Ujuzi wa kudhibiti ubora, wa kuandaa nyaraka za usajili wa dawa na wa kuendesha uzalishaji wa vidonge huhamishika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na hapo ndipo fedha za umma zina usalama zaidi.

Katika hati za makubaliano, vipengele visivyovuta macho siku ya utiaji saini ndivyo huamua mengi. Mwanafunzi akigundua njia bora ya kukausha unga wa dawa akiwa kiwandani, hataza ni ya nani: yake, ya chuo au ya kampuni? Chuo kisicho na jibu kabla ya kazi kuanza hukubali jibu la mwenye wanasheria wengi. Matokeo yasiyoipendeza kampuni yatachapishwa? Na ipo mipaka ya kulindwa kati ya kufundisha na kutangaza bidhaa. Kampuni inayofadhili semina kwa wafamasia wa kesho ili wazizoee dawa zake imewekeza katika mauzo, hata kama bango la ukumbini limeandikwa vipaji.

Serikali inazo nyenzo za kuyasimamia haya. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, HEET, unaotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425 uliopitishwa mwaka 2021, umeweka ndani ya vyuo vikuu vya umma kamati za ushauri zinazowakutanisha wahadhiri na wenye viwanda. Kamati hizo zikipewa nafasi ya kupanga mafunzo ya vitendo, mbali na kupitia mitaala tu, zinaweza kukubaliana na viwanda idadi ya nafasi, muda wa kukaa na jina la msimamizi wa kila kijana.

Nyenzo ya pili iko karibu zaidi. Mhitimu wa shahada ya famasia, baada ya miaka minne ya masomo, hutumikia mwaka mmoja wa utarajali kabla ya kusajiliwa na Baraza la Famasi, na kwa kawaida sehemu kubwa ya mwaka huo hutumika hospitalini, ambako hulipwa posho. Iwapo miezi sita ya mwaka huo ingeweza kutumika kiwandani kwa wale wanaochagua njia hiyo, na posho ikamfuata mtarajali huko alikopangiwa, kiwanda kisingebeba gharama ya mwanafunzi, na miezi sita ni muda wa kutosha kuona uzalishaji wa dawa kadhaa ukianza, ukikwama na kurekebishwa. Msimamizi angepata msaidizi aliyekwisha kufuzu, na kiwanda kingepata nafasi ya kumjua mtu kabla ya kumwajiri. Kazi iliyobaki ingekuwa kuamua ni viwanda vipi vinakidhi vigezo vya kupokea watarajali, na TMDA, ambayo hukagua viwanda vyote vya dawa nchini, tayari inayo taarifa za kila kimoja.