Kabla Ukubali Skrini Imekufa
Fundi hakuifungua hata. Aliangalia laptopu yangu (kipakatalishi, mwalimu wangu wa Kiswahili asinikasirikie), akaona giza, akasema, "Skrini imekufa. Leta elfu tisa."

Nilirudi nayo nyumbani. Si ujanja, ni vile tu sikuwa na pesa. Lakini feni ilikuwa inazunguka na taa ya chaji inawaka, so mashine ilikuwa hai. Nikaichomeka kwa TV ya mathe na waya wa HDMI, nikabonyeza Windows na P, na video niliyokuwa nahariri ikatokea yote. Halafu nikazima taa za sebule, nikamulika skrini kwa pembeni na tochi ya simu. Maandishi haya hapa, hafifu kabisa! Kumbe picha ilikuwepo, mwanga wa nyuma ndio haukuwepo. Nikisogeza kifuniko, unarudi, unapotea.

Shida ilikuwa waya mwembamba unaopitia kwenye bawaba, ule unaokunjwa kila ukifungua na kufunga. Fundi mwingine alinibadilishia kwa elfu moja mia tano.

Sisemi mafundi ni wezi. Wengi wamezoea tu kubadilisha kuliko kupima. Lakini mtu asipopima mbele yako, usimpe pesa. Na kama hata kwenye TV hakuna kitu, anza kushuku RAM au ubao wenyewe. Hapo skrini mpya utanunua bure.