Barua pepe zinaingia, hazitoki

Wadau, hii iwafikie hasa mlioko mazoezi ya kufundisha Kibaha na Kisarawe. Ukihama kampuni ya intaneti, barua pepe zinaingia fresh, ila ukituma ripoti kwa msimamizi inagoma. Jamani, kompyuta haijafa! Seva ya kutumia barua ya kampuni ya zamani inakuona mgeni, na mgeni hapitishiwi mzigo, wanaogopa barua taka. Ingia kwenye mipangilio, weka seva ya mwenye anuani yako, jina na nywila. Poti 25 wengi wanaifunga; weka 587, imetengwa kwa kazi hiyo tangu 1998.

Kwa mtazamo wangu, haya yafundishwe chuoni kabla hatujatawanyika. Shuleni mwalimu mgeni ndo fundi, na tarehe ya ripoti haimsubiri mtu. Au mnasemaje?